Makovu ya Mwezi na Udongo wa Kirinyaga: Je, Kusamehe ni Kusahau?

Swali la iwapo msamaha unadai usahaulifu ni la kale katika dini na katika falsafa, lakini katika nchi inayouzunguka Mlima Kenya halijapata kuwa swali la vitabuni tu. Wakazi wa Nyeri, Karatina, Othaya, Mukurweini, Naro Moru na Nanyuki ni warithi wa vita vilivyopiganwa baina ya mkoloni na mwenyeji, na vilevile baina ya jirani na jirani wa mgongo mmoja wa kilima, na kila kizazi tangu hapo kimelazimika kuamua ni yapi ya kukumbukwa, kwa namna gani, na kwa faida ya nani. Makala haya yanalikabili swali hilo kwa kuchunguza vitu viwili ambavyo wakazi hao huviona daima, yaani Mwezi na mlima wenyewe. Kutoka Naro Moru, ambako mlima umesimama upande wa mashariki, Mwezi mpevu huchomoza nyuma ya vilele, na mtazamaji huvipata vyote viwili katika upeo mmoja. Vyote viwili vilitobolewa na kupasuliwa hapo kale, lakini yaliyofuata baada ya majeraha yao yanatofautiana kabisa.

Ni lazima kutangulia kusema kwamba mawe hayatendi dhambi wala hayasamehe, na kwamba hakuna sheria ya maadili inayoweza kuchotwa moja kwa moja kutoka katika miamba. Hata hivyo, akili ya mwanadamu huyaelewa mambo yasiyoonekana kwa kuyalinganisha na yanayoonekana, na mfano uliochaguliwa vyema huweza kutenganisha mambo ambayo lugha ya kila siku huyachanganya. Suala la kukumbuka na kusahau hubeba angalau mambo matatu yaliyo mbalimbali, na uso wa Mwezi pamoja na umbo la Mlima Kenya unayaonyesha yote matatu waziwazi.

Mwezi una kipenyo cha kilomita 3,474, na karibu kila sehemu ya uso wake imejaa kasoko, yaani mashimo ya mviringo yenye kingo zilizoinuka. Kasoko zenye upana unaozidi kilomita moja zinapindukia milioni moja, na ndogo kuliko hizo hazihesabiki. Galileo Galilei alipochapisha mwaka 1610 habari za milima na mabonde aliyoyaona huko kwa darubini yake, alilitikisa fundisho lililorithiwa kutoka kwa Aristotle, kwamba vilivyo juu ni laini, kamilifu na havina doa. Baadhi ya wapinzani wake walijaribu kuuokoa ukamilifu huo kwa kudai kwamba milima hiyo imefunikwa na tabaka la fuwele angavu lisiloonekana, ili uso wa nje ubaki laini. Lakini mchoraji Cigoli, aliyekuwa rafiki wa Galileo, alichagua njia nyingine, kwani katika mchoro alioukamilisha mwaka 1612 ndani ya kanisa la Santa Maria Maggiore mjini Roma, alimchora Bikira Maria akiwa amesimama juu ya Mwezi wenye kasoko. Hivyo, ndani ya kanisa lenyewe, palikuwa na mtu aliyeona kwamba kovu halipingani na utakatifu.

Kwa muda mrefu wataalamu wengi waliamini kwamba kasoko hizo ni midomo ya volkano. Mwaka 1893 mwanajiolojia wa Marekani, Grove Karl Gilbert, alitetea hoja kwamba zilitokana na migongano, yaani miamba ya angani iliyouangukia Mwezi. Hoja hiyo ilichelewa kukubalika, lakini uchunguzi wa karne ya ishirini, pamoja na kilo 382 za mawe na vumbi zilizoletwa duniani na safari za Apollo kati ya 1969 na 1972, uliithibitisha kwa sehemu kubwa. Kwa hiyo karibu makovu yote makubwa ya Mwezi ni majeraha yaliyotoka nje.

Jambo la kuzingatiwa zaidi ni kwamba majeraha hayo bado yapo. Kasoko iitwayo Tycho, yenye upana wa kilomita 85, inakadiriwa kuwa na umri wa miaka milioni 108, na bado miale myeupe ya vumbi iliyoruka siku ya mgongano inaonekana Mwezi unapokuwa mpevu. Bonde la South Pole-Aitken, lenye upana wa takribani kilomita 2,500, lina zaidi ya miaka bilioni nne. Mwezi hauna mvua, hauna mto, hauna upepo wala mizizi ya mimea, na kinachoyachakaza mawe yake ni chembe ndogo za vimondo, zinazokwangua takribani milimita moja tu kwa kila miaka milioni. Dunia nayo ilipigwa na miamba ileile, tena zaidi, kwa kuwa ni kubwa na ina mvutano wenye nguvu, lakini makovu ya namna hiyo yaliyothibitishwa juu yake ni takribani 200. Mwezi unakumbuka mapigo mengi kwa sababu hauna uhai, ilhali Dunia imepoteza alama nyingi za mapigo yake kwa sehemu kubwa kwa sababu ya maji yaleyale yanayoiwezesha kuwa na uhai.

Katika mwaka uleule wa 1893, mwanajiolojia Mwingereza J. W. Gregory aliupanda Mlima Kenya hadi kwenye barafuto zake, yaani mito ya barafu inayotambaa polepole mlimani, na akautambua kuwa ni mabaki ya volkano kongwe. Volkano hiyo ilijijenga zaidi ya miaka milioni mbili na nusu iliyopita, na inakadiriwa kwamba ilizidi mita 6,000 kwa urefu, ikiwa na kasoko kileleni. Kasoko hiyo haipo tena. Vilele vya leo, Batian wenye mita 5,199 na Nelion wenye mita 5,188, si kingo zake, bali ni mwamba mgumu ulioganda ndani ya koo la volkano, chini ya shimo hilo, na ukabaki umesimama baada ya barafu na maji kuvichukua vilivyouzunguka. Kwa maneno mengine, kinachotazamwa na mkulima wa Mathira, eneo la Karatina, anapoinua macho asubuhi ni moyo wa jeraha, uliobaki baada ya jeraha lenyewe kumomonyoka.

Mmomonyoko huo haukuwa hasara tupu. Lava na majivu ya miteremko, baada ya kuoza kwa mvua ya maelfu ya karne, yaligeuka udongo mwekundu wenye kina, ambao ndio unaozaa kahawa na chai ya Mathira, na maji yanayoshuka kutoka vileleni huingia katika mto Sagana yakielekea Tana, na katika mito ya Naro Moru na Nanyuki yakielekea Ewaso Ng’iro. Wakikuyu wa kale, waliouita mlima huo Kirinyaga na kusali wakiuelekea, hawakumtafuta Ngai katika mwamba usio na dosari. Jomo Kenyatta, katika kitabu chake *Facing Mount Kenya* cha mwaka 1938, alieleza kwamba kwao makao ya Ngai ni mbinguni, na mlima ni mahali anapopumzika anapokuja kuikagua dunia. Utakatifu wa mlima ulitokana na uhusiano wake na Mungu pamoja na watu waliotegemea maji yake, wala haukuhitaji dai kwamba haukuwahi kupasuka.

Hali ya tatu inapatikana tena juu ya Mwezi. Madoa meusi yanayoonekana kwa macho yaliitwa bahari na watazamaji wa zamani, ingawa hayana hata tone la maji, kwani ni nyanda za basalti, yaani lava nyeusi iliyopanda kutoka chini kupitia nyufa na kuyafurika mabonde makubwa, hasa zaidi ya miaka bilioni tatu iliyopita. Nyanda hizo, zinazofunika takribani asilimia 17 ya uso wote wa Mwezi, zilizizika kasoko nyingi. Baadhi yake hazikuzama kabisa, na wanaastronomia huziita kasoko za mzimu. Kasoko ya Stadius, karibu na kasoko mashuhuri ya Copernicus, ni mojawapo, kwani Jua likiwa juu mtu hudhani pale ni uwanda mtupu, lakini Jua linapokuwa chini na vivuli kurefuka, duara lake lililovunjikavunjika hujitokeza. Kilichofunikwa hakikuondolewa, bali kilingoja mwanga wa pembeni.

Basi kuna njia tatu: jeraha kuhifadhiwa kama lilivyo, jeraha kufukiwa chini ya uso laini, na jeraha kumeng’enywa hadi likawa udongo. Mwenye kusema kwamba msamaha ni kusahau hana budi kueleza ni njia ipi kati ya mbili za mwisho anayoikusudia, kwa sababu kwa mbali zinafanana, ilhali matunda yake ni tofauti.

Historia ya Nyeri inaonyesha uzito wa tofauti hiyo. Hali ya Hatari ilitangazwa na serikali ya kikoloni ya Uingereza tarehe 20 Oktoba 1952, na misitu ya Mlima Kenya na Nyandarua ikawa ngome za wapiganaji wa Mau Mau waliopinga ukoloni, Waruhiu Itote, aliyejulikana kama Jenerali China, akiwaongoza wale wa Mlima Kenya, na Dedan Kimathi, mzaliwa wa Tetu, akiwaongoza wale wa Nyandarua. Kuanzia mwaka 1954 zaidi ya Wakikuyu milioni moja walihamishwa kwa nguvu na kuwekwa katika vijiji vilivyozungushiwa mitaro na seng’enge, na wanavijiji walilazimishwa kuchimba handaki refu kandokando ya msitu wa Mlima Kenya ili kuwatenga wapiganaji na waliowalisha. Kimathi alikamatwa tarehe 21 Oktoba 1956 na kunyongwa katika gereza la Kamiti tarehe 18 Februari 1957. Hayo ni majeraha yaliyotoka nje, kama yalivyo yale ya Mwezi. Lakini palikuwa na majeraha mengine yaliyotoka ndani, kama ya volkano, kwani ndugu mmoja aliingia msituni na mwingine akawa mmoja wa walinzi wa serikali, waliojulikana kwa Kikuyu kama *ngati*, na mashamba yalipopimwa upya na kuunganishwa wakati wa Hali ya Hatari, wapo waliotoka kizuizini wakakuta ardhi yao imepungua au imeandikwa kwa jina la mwingine.

Baada ya uhuru, Kenyatta, akiwa sasa kiongozi wa nchi, aliwataka wananchi wasamehe na kusahau. Haitakuwa haki kulidharau shauri hilo, kwa sababu taifa changa lenye waliopigana pande mbili, wakiishi sasa katika vijiji vilevile na wakiabudu katika makanisa yaleyale, lingeweza kuteketea kwa kisasi, na amani iliyopatikana iliokoa maisha. Methali ya Kiswahili isemayo “yaliyopita si ndwele, tugange yajayo” ilikuwa na kazi yake halali wakati ule. Lakini usahaulifu huo kwa sehemu kubwa ulikuwa wa namna ya lava. Amri ya kikoloni ya mwaka 1950 iliyoipiga marufuku Mau Mau ilibaki katika sheria za Kenya huru hadi mwaka 2003, ilipofutwa wakati wa urais wa Mwai Kibaki, mwana wa Othaya. Kimathi alilazwa Kamiti katika kaburi lisilo na alama, na mjane wake, Mukami Kimathi, aliyefariki mwaka 2023, alidai kwa miaka mingi mabaki yake ili yazikwe kwa heshima. Huko Uingereza nako nyaraka nyingi za makoloni ziliteketezwa au kufichwa, na mwaka 2011, wazee waliokuwa wakidai haki katika mahakama ya London walipoendelea na kesi yao, serikali ya nchi hiyo ilikiri kwamba ilikuwa imehifadhi maelfu ya majalada ambayo hayakuwa yametangazwa. Mwaka 2013 ilieleza majuto yake na kukubali kulipa pauni milioni 19.9 kwa ajili ya wadai 5,228. Zaidi ya nusu karne ilikuwa imepita, na duara la kasoko lilikuwa bado lipo chini ya uwanda.

Dini zinazofuatwa katika nchi hiyo hazifundishi msamaha wa namna ya kufukia. Katika desturi ya kale ya Wakikuyu, uovu uliozaa *thahu*, yaani unajisi unaomletea mtu na jamaa yake madhara, haukuachwa ujifie wenyewe, bali mganga, *mundu mugo*, alimtapisha mhusika kwa ibada maalumu, na kila kosa lilitajwa ili litoke nje. Kosa lisilotamkwa lilihesabiwa kuwa bado limo mwilini. Ndugu wa uamsho wa Kikristo, ambao wengi wao walikataa kiapo cha Mau Mau na vilevile wakakataa kushika silaha za serikali, nao walikuwa na mazoea ya kuungama hadharani. Mila na uamsho vilipingana katika mambo mengi, lakini vilikubaliana kwamba utakaso hauanzi kabla ya kosa kupewa jina lake.

Kisa cha Yusufu, kinachosomwa katika Biblia na katika Kurani pia, kinakubaliana na msimamo huo. Katika kitabu cha Mwanzo, Yusufu alimwita mwanawe wa kwanza Manase akishukuru kwamba Mungu amemsahaulisha taabu zake, na hata hivyo ndugu zake walipotokea mbele yake aliwatambua mara moja, na alipojidhihirisha kwao alitaja kwamba yeye ndiye waliyemuuza Misri. Katika Kurani vilevile anawauliza kama wanakijua walichomtendea Yusufu, na ni baada ya wao kukiri kosa ndipo anapowatangazia kwamba siku hiyo hawana lawama. Katika masimulizi yote mawili, tendo linatajwa kwanza, kisha sumu yake inaondolewa. Alichokisahau Yusufu si habari ya yaliyotokea, bali ni madai ya kulipiza.

Ipo hata hivyo hoja nzito ya upande wa pili, nayo inatoka katika Maandiko yenyewe, kwa kuwa manabii Isaya na Yeremia wanatangaza kwamba Mungu hatazikumbuka tena dhambi za watu wake. Ikiwa Mungu husahau, kwa nini mwanadamu asisahau? Mwanafalsafa wa Israeli Avishai Margalit, katika kitabu chake *The Ethics of Memory* cha mwaka 2002, anatofautisha kuifuta dhambi kabisa na kuifunika bila kuifuta, naye anashikilia kwamba msamaha wa wanadamu ni wa namna ya pili, yaani aliyekosewa huamua kutoifanya dhambi ile kuwa sababu ya matendo yake, ingawa bado anaijua. Hoja yake ni sahihi kwa sehemu, kwa kuwa kumbukumbu haitii amri, na hakuna anayeweza kusahau kwa kukusudia. Lakini picha ya kufunika ina hatari inayoonekana katika nyanda za lava, kwamba anayefunika huenda akawa ndiye mkosaji, na uso laini ukawa faida yake peke yake. Kwa hiyo ni lazima kuongeza sharti ambalo mlima unalifundisha vyema zaidi, kwamba kosa ligeuzwe kuwa kitu kinachowalisha walio hai, wakiwemo walioumizwa.

Imani ya Kikristo ina mfano wa sharti hilo katika Injili ya Yohana, ambamo Kristo aliyefufuka anamwonyesha Tomaso alama za misumari. Mwili uliotukuzwa ungeweza kudhaniwa kuwa hauna kovu, lakini makovu yalibaki, na yakawa njia ya kumtambua. Mtakatifu Agostino, mwishoni mwa kitabu chake *Mji wa Mungu*, aliona kwamba huenda makovu ya mashahidi wa imani yatabaki katika miili yao ya ufufuo, wala si kama kasoro, bali kama heshima. Kinachotoweka ni maumivu na uharibifu, na kinachobaki ni ushahidi uliopata maana mpya, kama vile Batian na Nelion ni ushahidi uliobaki wa moto ambao hauunguzi tena mtu yeyote.

Mtu anaweza kupinga kwamba kumeng’enya nako ni kupoteza, na kwamba laiti Mwezi nao ungekuwa na mvua, wanadamu wasingejua lolote kuhusu mapigo ya miaka ya mwanzo ya Dunia. Pingamizi hilo ni la kweli na linapaswa kukubaliwa. Mwezi ni mhifadhi wa nyaraka ambazo Dunia ilizipoteza, na jamii inayosamehe inahitaji mhifadhi kama huyo, yaani kumbukumbu za mahakama, majalada, sauti za wazee zilizorekodiwa, makaburi yenye majina na vitabu vya historia visivyoruka kurasa. Lakini mtu hawezi kuishi ndani ya hifadhi ya nyaraka. Moyo unaohifadhi kila pigo likiwa na kingo kali kama siku ya kwanza unakosa mvua, na hata kumbukumbu hizo zikiwa za haki, hauwezi kuzaa chochote. Nyaraka zihifadhiwe nje ya moyo kwa ukamilifu wote, ili moyo uwe huru kufanya kazi ya maji, ambayo ni ya polepole na haiwezi kuamriwa na serikali wala kuharakishwa na mhubiri.

Kutokana na hayo, jibu la swali lililoulizwa ni kwamba kusamehe si kusahau, na vilevile si kuhifadhi hasira kwa jina la kumbukumbu. Ni kazi yenye mpangilio, ambamo kosa hutajwa, aliyeumizwa husikilizwa, kilichochukuliwa hurudishwa kadiri inavyowezekana, na ndipo tu hapo madai ya kisasi huachwa yamomonyoke. Anayewataka wajukuu wa waliochimba handaki na wajukuu wa waliowasimamia waishi kwa amani ana wajibu wa kuzipitia hatua hizo kwa utaratibu wake, na makanisa, misikiti, mabaraza ya wazee na shule za miji ya Mlima Kenya zina nafasi ya kuianza kazi hiyo, kwa sababu pande zote mbili hukutana humo mara kwa mara. Amani inayoruka hatua ya kwanza ni lava juu ya kasoko, na historia ya nchi hiyo imekwisha kuonyesha kwamba lava haidumu kuficha. Amani iliyopitia hatua zote haihitaji kuogopa mwanga wowote, kwa kuwa haina kitu chini yake kinachosubiri kujitokeza.